Wanachuo na Programu za Kompyuta: Nani Hubaki Kuzitunza?

 

Katika mkutano wetu mkuu uliopita ilitolewa hoja nzuri. Ndugu mmoja alisimama akasema kwamba shule yetu hivi leo ina vijana wake wanaosomea mambo ya kompyuta katika vyuo vya Dodoma, Dar es Salaam, Mbeya na Arusha. Kwa nini basi vijana hao wasiunde kikundi kimoja, wakaiandikia shule programu ya kutunza kumbukumbu za wanafunzi, vitabu vya maktaba na michango yetu sisi wa zamani? Watu walipiga makofi, nami nilipiga. Lakini niliporudi nyumbani usiku ule nilikosa usingizi, maana jambo hilo si geni kwa shule yetu. Lilikwisha kufanyika mara moja, nami nilikuwamo, na mwisho wake haukuwa mzuri. Mhariri aliposikia hayo alinitaka niandike. Nimeona si vema kuandika habari zetu sisi peke yake, bali niziweke ndani ya historia ya kazi za namna hii, hapa nchini na kwingineko, ili kila msomaji apime mwenyewe kabla hatujakutana tena kupiga kura.

MITAMBO ILIYOPIGWA MARUFUKU

Wadogo zetu wanaobeba simu mfukoni wataona ajabu nikiwaambia kwamba palikuwa na wakati ambapo kuingiza kompyuta nchini kulikatazwa. Kompyuta ya kwanza iliwasili Tanzania mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha kwa kazi ya hesabu. Ilikuwa mtambo mkubwa wa kujaza chumba, ulioagizwa kwa fedha za kigeni, na watu walioufahamu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Hesabu zilizotegemewa kufanywa na mitambo zilipoleta matatizo, Serikali ilitoa amri mwaka 1974 ya kuzuia uingizaji wa kompyuta. Zuio hilo lililegezwa katika miaka ya 1980, na miaka ya 1990 ilipoanza mlango ukafunguka.

Wapo wanaoicheka amri ile. Mimi siicheki. Naona ndani yake funzo ambalo tunalisahau kila mara, nalo ni kwamba mtambo bila watu wa kuutunza ni hasara. Kosa labda lilikuwa kuufukuza mtambo badala ya kuwafundisha watu, lakini ugonjwa wenyewe uliokuwapo haukuwa wa kubuni.

Wakati sisi tumefunga mlango, huko nje wanachuo walikuwa wameanza kuandika programu kwa kushirikiana. Mwaka 1969 katika maabara za kampuni ya Bell huko Marekani ilianza programu ya kuendeshea mitambo iitwayo Unix. Kampuni iliwapa wanavyuo nakala, na katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, wanafunzi walianza kuirekebisha na kuiongezea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 nakala za Berkeley zilikuwa zikisafirishwa kwenye tepu kutoka chuo hiki hadi kile. Baadaye, mwaka 1991, kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwa wenzake duniani programu yake iliyokuja kuitwa Linux, akawaalika waiangalie na kuirekebisha. Mpaka leo inaendesha mitambo mingi ya mashirika makubwa, na hata simu nyingi tulizo nazo mikononi zimejengwa juu yake.

Msomaji asidhani kwamba kazi hizo zilifanikiwa kwa sababu ya wingi wa watu. Fred Brooks, aliyesimamia uandishi wa programu kubwa ya kampuni ya IBM, aliandika kitabu mwaka 1975 akieleza kwamba kazi ya programu iliyochelewa, ukiiongezea watu, itachelewa zaidi. Kila mtu mpya anahitaji kuelezwa, na kila maelezo yana nafasi ya kukosewa. Wahenga wa pwani walikwisha sema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Linux iliandikwa na maelfu ya watu wasioonana, lakini tangu siku ya kwanza palikuwa na mtu mmoja wa kuamua kipi kinaingia na kipi kinakataliwa, na mtu huyo hakuondoka alipomaliza masomo.

MLIMANI, MWAKA 2004

Mimi nilifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002. Kompyuta zilikuwa chache, foleni ndefu, na mwanafunzi aliyekuwa na mashine yake chumbani alihesabiwa kuwa tajiri. Hata hivyo ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba Mtanzania hana haja ya kungoja kuletewa kila kitu.

Idara ya Sayansi ya Kompyuta, kwa kushirikiana na wataalamu wa Kiswahili na wenzao kutoka Sweden, ilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Kusudi lake lilikuwa kuifanya kompyuta izungumze Kiswahili. Mwezi Desemba 2004 ikatolewa Jambo OpenOffice, yaani programu za kuandikia barua, kupigia hesabu na kadhalika, zote zikiwa na maneno ya Kiswahili mahali pa Kiingereza, tena bila malipo. Siwezi kueleza furaha ya siku zile. Sisi ambao hatukuwamo katika kazi yenyewe tulibishana usiku kucha mabwenini juu ya maneno, huyu akitaka lile na huyu akitaka hili, na kila mmoja akiapa kwamba nyanya yake angelielewa la kwake.

Lakini programu si sawa na jengo, ambalo ukishaezeka umemaliza. OpenOffice iliendelea kutoa matoleo mapya, na mwaka 2010 ikagawanyika, ikazaliwa LibreOffice. Tafsiri ya mwaka 2004 haiwezi kukaa juu ya toleo jipya mpaka mtu aketi tena aifuatishe, neno kwa neno, na mwaka unaofuata vilevile. Sisi wa Dodoma tunaolima zabibu tunalielewa jambo hili. Kupanda mzabibu ni kazi ya siku moja, na watu hukusanyika kukusaidia. Kupogoa na kumwagilia ni kazi ya kila msimu, na hapo mara nyingi unajikuta peke yako.

KAZI YETU WENYEWE

Sasa nisimulie la kwetu. Tulikuwa watano, wote tuliohitimu shule hii mwaka mmoja, na tulikuwa tumetawanyika katika vyuo vitatu. Kwa kuona ya Mlimani nilipata moto, nikawaandikia wenzangu kwamba tuiandikie shule yetu programu ya maktaba. Walikubali mara moja.

Tuligawana kazi. Wawili wakachukua orodha ya wanafunzi, mmoja orodha ya vitabu, nami na mwenzangu mwingine tukachukua kuazima na kurudisha. Tuliwasiliana kwa barua za intaneti kwenye vibanda, shilingi 500 kwa saa, kwa hiyo kila mtu aliandika kwa ufupi na kusoma kwa haraka. Wakati wa likizo ndefu ya mwaka 2005 tulikutana Dodoma, kila mmoja na disketi yake, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hatukuelewana. Mimi nilikuwa nimemtambua kila mwazimaji kwa jina lake. Mwenzangu upande wa kurudisha alimtambua kwa namba yake ya usajili, kama walivyofanya wale wa orodha ya wanafunzi. Ilitupasa kurudi nyuma tukaandika upya. Badala yake tulitia kiraka. Tulikesha siku nne, mashine ikaonekana inafanya kazi, tukaikabidhi shuleni mwezi Septemba. Mkuu wa Shule alitusifu mbele ya mlingoti, tukapiga picha, tukala wali na nyama, tukaondoka.

Mzee wetu wa maktaba ndiye aliyeachiwa mashine. Nyote mliosoma miaka ile mnamkumbuka. Simtaji jina kwa sababu sikumwomba ruhusa. Tulimfundisha kwa mchana mmoja. Aliamini sana kazi ya vijana wake, hata akaweka kando lile kaunta buku lake la kwaya tatu alilotumia miaka yote.

Ulipofika Januari 2006, Kidato cha Kwanza wakaingia cha Pili, cha Pili wakaingia cha Tatu, na wa Nne walikuwa wameondoka. Katika wanachuo watano hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mwaka wa shule huisha. Programu haikuwa na njia ya kuhamisha madarasa. Mzee alijaribu kwa busara yake; akawafuta wanafunzi wa Kidato cha Nne waliomaliza. Kwa sababu ya kile kiraka chetu, namba za usajili zilipofutwa, kumbukumbu za kurudisha vitabu zilifutika pamoja nazo, lakini zile za kuazima nilizoziandika kwa majina zikabaki. Mashine ikaonyesha kwamba Kidato cha Nne kizima kilichukua vitabu na hakikurudisha hata kimoja.

Mzee alituandikia barua. Ilinifikia mwezi Machi, wakati nimehitimu na nahangaika na ajira Dar es Salaam. Nilimpigia simu mwenzangu wa orodha, akasema nakala ya mwisho anayo yule mwingine. Yule mwingine alikuwa amepata kazi Mwanza, na disketi yake ilikuwa imeota ukungu. Kila mmoja alidhani mwenzake atajibu barua ile. Haikujibiwa.

Nilikwenda kumtembelea mzee mwaka 2008. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa kilichodariziwa, na juu ya meza lilikuwapo kaunta buku. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole kama kawaida yake. Nikamwuliza habari ya mashine.

"Mwanangu," akasema, "wengi niliwasamehe kwa kuwa nawakumbuka sura, nikijua walirudisha. Lakini watatu sikuwa na hakika nao. Walipokuja kuchukua vyeti vyao vya kuhitimu walitakiwa kulipa vitabu kwanza. Mmoja alikwenda kuuza mbuzi."

Sikuwa na la kusema. Akanimiminia chai.

Ndugu zangu, ninayaandika haya hadharani kwa mara ya kwanza. Ikiwa mmoja wa wale watatu anasoma ukurasa huu, namwomba radhi kwa niaba yangu na ya wenzangu. Hukuwa na deni la kitabu chochote. Deni lilikuwa letu.

WALIOFAULU WALIFANYAJE?

Baada ya hapo kwa miaka mingi nilijiuliza kama kosa letu lilikuwa kutawanyika. Labda wanachuo wa vyuo mbalimbali hawawezi kuandika kitu kimoja kikadumu? Jibu nililipata katika kazi nyingine, ambayo nyote imewagusa bila kujua, kila mlipoingia zahanati mkaona muuguzi akijaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya.

Mwaka 1994 Afrika Kusini ilitoka katika ubaguzi wa rangi. Huduma zake za afya zilikuwa zimegawanywa vipandevipande kwa rangi na kwa maeneo, kila kipande na fomu zake, hata ikawa vigumu kujua watoto wangapi wamechanjwa katika wilaya moja. Watafiti wa Afrika Kusini na wa Norway, akiwamo Jørn Braa wa Chuo Kikuu cha Oslo, walianzisha mpango unaojulikana kwa herufi HISP. Wakaandika programu ya kukusanyia takwimu za afya za wilaya, wakaiita DHIS. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kutumika Afrika Kusini, kisha mpango ukasambaa kwenda Msumbiji, India na nchi nyingine. Tanzania tuliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kiungo chake kilikuwa Idara ya Sayansi ya Kompyuta pale Mlimani. Zanzibar ilianza mwaka 2005.

Ilipofika miaka ya 2004 na 2005 wakaanza kuiandika upya kabisa huko Oslo, ikaitwa DHIS2. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya mwanzo ilifanywa na wanafunzi. Palikuwa na somo ambamo vikundi vya wanachuo vilipewa kila kimoja kipande halisi cha programu kuandika, na wanafunzi wa shahada za juu kutoka Afrika na Asia wakienda na kurudi kati ya chuo na wilaya za nchi zao. Mara ya kwanza kutumika ilikuwa jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Mwaka 2011 Kenya iliitumia nchi nzima kwa njia ya intaneti. Kwetu Tanzania Bara ilienea mikoa yote mwaka 2013. Leo inatumika katika nchi zaidi ya 70.

Hao nao walikuwa wanachuo. Walikuwa mbali zaidi kuliko sisi, wakitengwa na bahari na lugha. Walikuwa na mitihani na ajira za kutafuta, na kila mwaka wengine walihitimu wakaondoka. Basi tofauti ilikuwa wapi? Nimeitafakari sana, nami naona mambo matatu.

Kwanza, walikubaliana juu ya vitu vichache vya lazima kabla ya kugawana kazi. Katika mpango ule kila ngazi, wilaya au mkoa, iliweza kuongeza takwimu zake inazozitaka, ila palikuwa na orodha fupi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuibadilisha peke yake. Sisi hatukukubaliana hata mwanafunzi atambuliwe kwa jina au kwa namba, na jambo hilo dogo ndilo lililomwuzisha mtu mbuzi.

Pili, maandishi ya programu yaliwekwa mahali pamoja, wazi, ambapo mgeni wa mwaka huu aliweza kuanzia alipoishia mwenyeji wa mwaka jana. Hakuna mtu aliyeondoka na nakala ya mwisho mfukoni.

Tatu, nalo ndilo kubwa, palikuwa na watu waliobaki. Oslo palikuwa na kundi dogo la kudumu, na katika kila nchi palikuwa na kundi jingine karibu na watumiaji. Tena hawakungoja kuandikiwa barua. Zanzibar ni mfano mzuri. Takwimu za mwanzo zilikuwa na makosa mengi. Maofisa wa wilaya waliitwa katika warsha, kila wilaya ikawaonyesha wenzao takwimu zake na kuulizwa maswali mbele ya wote. Aliyeleta hesabu ya ajabu alitakiwa kuieleza. Warsha hizo zikawa za kawaida, na kila mara fomu na programu zikarekebishwa kufuatana na yaliyosemwa. Takwimu zikawa bora kwa kuwa wenyewe walizitumia, na programu ikawa bora kwa kuwa waandishi walikuwapo ukumbini kusikia.

Nisidanganye kwamba mambo hayo yalikuja kwa urahisi. Kutoka kuanza kwetu hadi kuenea mikoa yote ilipita miaka kama kumi. Lakini miaka kumi ya kurudia na kurekebisha ilizaa kitu, na siku nne zetu za kukesha zilizaa picha mbele ya mlingoti.

DODOMA YA LEO

Tulipokuwa shuleni, Dodoma ilikuwa mji mkuu kwa jina. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulikuwa wa mwaka 1973, lakini wizara nyingi zilikaa Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, kikiwa na chuo kikubwa cha mambo ya kompyuta ndani yake. Mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kweli, nami mwenyewe ni mmoja wa waliohamishwa, nikarudi nyumbani kwa barua ya mwajiri. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Serikali Mtandao, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ina kituo chake cha utafiti na ubunifu hapahapa Dodoma, ambako vijana wa vyuo mbalimbali hufika kujifunza kwa vitendo na kushiriki kutengeneza mifumo. Wadogo zetu, msiseme mambo haya yako mbali. Mengine mnaweza kuyafikia kwa daladala.

Mimi naishi Nzuguni, karibu na viwanja vya Nanenane. Kila mwezi wa Agosti hupita kwenye mabanda ya vyuo kuona kazi za vijana. Huonyeshwa programu za kuuzia mazao, za kupima udongo, za kutafutia soko la alizeti. Ni kazi nzuri, na vijana wanaeleza kwa ufasaha kuliko sisi wakati wetu. Nina desturi ya kurudi katika banda lilelile mwaka wa pili nikaulizia ile programu ya mwaka jana. Mara nyingi jibu ni moja: "Mzee, wale walishahitimu."

Ofisini kwetu pia huja wanachuo wa mafunzo kwa vitendo, wiki nane au kumi, kutoka vyuo mbalimbali, na mara nyingi huwekwa katika kikundi kimoja. Zamani walipewa kazi mpya kila mwaka, maana kazi mpya inapendeza machoni pa msimamizi anayetoa alama. Tangu niliposhika zamu ya kuwaongoza, wanaofika hupewa kwanza kazi ya waliowatangulia, waisome, warekebishe makosa matatu, na waandike maelezo yaliyokosekana. Wananung'unika. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba hakuja Dodoma kufua nguo za mtu mwingine. Nilimsimulia habari ya mzee wa maktaba. Hakujibu kitu, lakini wiki ya mwisho aliacha kurasa kumi na mbili za maelezo, na waliofuata walizitumia.

RAI YANGU KWA MKUTANO

Narudi sasa kwenye hoja iliyopigiwa makofi. Siipingi. Ningekuwa mtu wa kupinga nisingeandika kurasa zote hizi. Naomba tu kwamba kabla ya kijana yeyote kuandika mstari wa kwanza, mkutano uyaamue mambo haya.

Mosi, tuanze na maktaba peke yake. Michango yetu ya fedha na kumbukumbu za wanafunzi zingoje. Kumbukumbu za watoto ni amana, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika mwaka 2023, si jambo la kuachwa kwenye mashine ya mtu binafsi chumbani mwake.

Pili, mtunza maktaba wa sasa awe mjumbe kamili wa kikundi tangu siku ya kwanza, si mtu wa kuitwa siku ya makabidhiano. Angekuwapo mzee wetu katika vikao vyetu vya mwaka 2005, angetuuliza habari za Januari kabla hatujamaliza chai.

Tatu, vijana wa vyuo vyote wakutane ana kwa ana mara moja kabla ya kugawana kazi, hata kwa siku mbili, nasi wa zamani tuwalipie nauli na posho ya chakula. Waandike ukurasa mmoja wa makubaliano, ukiwa na jibu la namna mwanafunzi na kitabu vitakavyotambuliwa. Baada ya hapo wawasiliane watakavyo; siku hizi hakuna tena shilingi 500 kwa saa.

Nne, maandishi yote ya programu yawe mahali pamoja panapomilikiwa na chama chetu, na kila mwaka kikundi kipokee angalau vijana wawili wapya kabla wawili wa zamani hawajaondoka. Asiondoke mtu mpaka aliyempokea amerekebisha kosa moja bila msaada.

Tano, kwa mwaka mzima wa kwanza, kaunta buku lisifungwe. Mzee wetu alilifunga mapema kwa kutuamini.

Kuna jambo la sita, ambalo si la vijana bali letu. Chama kitenge fedha kidogo kila mwaka kwa ajili ya matunzo. Rahisi kuchangia kitu kipya, maana jina lako husomwa. Fedha ya matunzo haisomwi jina la mtu. Kama hatuko tayari kuitoa kwa miaka mitano, basi napendekeza kwa moyo mweupe tusianze, tuwanunulie maktaba vitabu na kaunta buku jipya.

Kwenu wadogo zetu mlioko madarasani: msiogope kuungana na wenzenu wa vyuo vingine mtakapofika huko. Yale yaliyofanyika Mlimani, Oslo na Zanzibar yamefanywa na vijana kama ninyi. Ila mtakapopewa kazi ya kikundi, na alama zikatolewa, na kila mtu akafunga mizigo yake, jiulizeni nani amebaki na mashine, na kama akiandika barua, ni nani kwa jina atakayeijibu.

Mimi nimeomba nafasi ya kuwa mmoja wa watakaojibu barua za kikundi hiki, ikiwa mkutano utaridhia. Nimechelewa karibu miaka ishirini, lakini anwani yangu haibadiliki tena. Nipo Nzuguni.

Mwenzenu,
Mwanafunzi wa zamani